Rasimu Moja, Wasikilizaji Watano: Uchambuzi wa Kisa cha Mtayarishaji Chipukizi Aliyeomba Maoni

Kisa ninachokichambua hapa kilinifikia kikiwa kimeshaharibika. Mtayarishaji chipukizi wa muziki wa kielektroniki, aliyekuwa na miezi minane tu tangu aanze kujifunza, aliniletea mafaili mawili ya wimbo mmoja: toleo la kwanza na toleo la saba. Kati ya matoleo hayo zilikuwa zimepita wiki mbili, maoni ya watu watano na usiku mwingi wa kazi, na swali alilokuja nalo lilikuwa fupi: kwa nini wimbo ambao watu wote hao wamesaidia kuurekebisha umekuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla hajamsikilizisha mtu yeyote? Ameniruhusu nikieleze kisa hiki bila kumtaja jina. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu nimewaona chipukizi wengi wakiacha nyimbo nzuri katika hali hiyohiyo, na kwa sababu naamini tatizo halikuwa kipaji chake wala nia ya waliomsikiliza. Tatizo lilikuwa namna maoni yalivyoombwa, na zaidi ya hapo, wakati yalipoombwa.

Kwanza tuione rasimu yenyewe. Ulikuwa wimbo wa mtindo wa house wenye kasi ya mapigo 124 kwa dakika, uliojengwa juu ya lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya vipimo vinane, kila kipimo kikiwa na mapigo manne. Kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, ilipiga katika kila pigo. Hai-hati, yaani yale matoazi madogo, zilijibu katikati ya mapigo. Besi ilizunguka noti ya A. Kinanda kilishika sauti nne zilizopigwa pamoja kwa upole. Na juu ya vyote ilipita melodi ya noti sita, ambayo ndiyo iliyomfanya aanze kuutunga wimbo. Palikuwa pia na kipande cha sauti ya mtu kilichokatwakatwa na kurudiwarudiwa kama chombo. Vyombo viliingia kimoja kimoja hadi kipimo cha 32, melodi ikashika hatamu hadi kipimo cha 48, kisha lupu ikaendelea kujirudia hadi kipimo cha 64, ambapo wimbo ulikatika ghafla. Kwa kasi hiyo kipimo kimoja huchukua takribani sekunde 1.94, kwa hiyo rasimu nzima ilikuwa na dakika 2 na sekunde 4. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana itarudi.

Siku moja, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua kwamba anaweza, aliutuma wimbo huo kwa watu watano kwa wakati mmoja, akiambatanisha maneno haya: "Bado sijamaliza, mnaonaje?"

Majibu yalikuwa ya namna tano. Ndugu yake wa karibu aliandika kwamba ni safi sana na aendelee hivyohivyo. Rafiki wa kwanza alisema besi haisikiki kabisa. Rafiki wa pili alisema besi imezidi na inavuma mpaka inaudhi. Mtayarishaji mwenye uzoefu, anayetengeneza muziki wa kasi na mzito zaidi, alimtumia orodha ya mambo 14 ya kubadilisha, kuanzia aina ya kiki hadi upana wa kinanda, na hakusahau kusema kwamba sauti ile iliyokatwakatwa iondolewe. Mtu wa tano hakujibu kwa siku tisa. Alipoulizwa alisema aliusikiliza, ukamvutia, lakini alipofika kama dakika moja akapata jambo la kufanya.

Kijana wetu alifanya kile ambacho mtu mnyenyekevu hufanya: alimtii kila mmoja. Aliiongeza besi kwa desibeli 4, akaipunguza kwa 3, akabadilisha kiki, akatanua kinanda, akaondoa ile sauti, akaweka limita, yaani kifaa kinachobana vilele vya sauti, kwenye njia kuu ambamo vyombo vyote hupita, ili wimbo usikike mkubwa kama nyimbo za watu waliobobea. Katika toleo la saba, melodi ya noti sita ilikuwa imefukiwa nyuma ya kinanda na haikumgusa hata mwenyewe. Unyenyekevu huo sikuulaumu wala siulaumu leo. Ila kutii maoni ni jambo moja, na kuyasoma ni jambo lingine, na hili la pili hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Jambo la kwanza tulilolifanya pamoja lilikuwa kuyasikiliza matoleo hayo mawili kwa usawa wa sauti. Toleo la kwanza lilipimwa likawa na wastani wa LUFS −18 na la saba LUFS −11. Kipimo hiki cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia kimejengwa juu ya pendekezo BS.1770 la ITU-R, kitengo cha redio cha shirika la kimataifa la mawasiliano, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Tofauti ilikuwa desibeli 7, na tofauti kubwa namna hiyo hulipotosha sikio la mtu yeyote, kwa kuwa kinachosikika kwa nguvu zaidi huonekana kuwa kimejaa na kukamilika zaidi. Tulipolishusha toleo la saba hadi lilingane na la kwanza, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba la kwanza lina pumzi. Nilikubaliana naye. Mbio za kuongeza sauti hazikuwa na faida hata nje ya chumba chetu: Spotify, kwa mfano, kwa kawaida huzirekebisha nyimbo zikaribie LUFS −14, kwa hiyo wimbo uliobanwa ili upige kelele hushushwa tu, ukabaki umebanwa.

Hapo ndipo tulipoyarudia maoni ya besi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote. Watu wawili walisema mambo yanayopingana. Chipukizi huamini kwamba maoni yakipingana lazima mmoja amekosea, au kwamba suala ni la ladha na basi linaweza kupuuzwa. Tulipowauliza wote wawili swali moja tu, yaani walisikilizia kwenye kifaa gani na kwa sauti ya kiasi gani, mgongano ukayeyuka. Rafiki wa kwanza alisikiliza kwenye spika ya simu, usiku, kwa sauti ya chini. Rafiki wa pili alisikiliza ndani ya gari, kwa sauti kubwa.

Noti ya A ambayo besi ile iliizunguka ni ya hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuusukuma mtetemo wa chini kiasi hicho. Nyimbo nyingine zenye besi ya chini vilevile husikika kwenye simu kwa sababu besi zake hubeba pia sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyohiyo, yaani hezi 110, 165, 220 na kuendelea, na ubongo ukizisikia hizo huijaza wenyewe noti ya msingi isiyokuwapo. Besi ya kijana wetu ilikuwa wimbi laini karibu tupu, lisilo na sauti hizo za juu, kwa hiyo kwenye simu hapakubaki kitu cha kuujulisha ubongo kwamba kuna besi. Ukiongeza kwamba sikio lenyewe hupoteza wepesi wa kusikia sauti za chini pale muziki unapochezwa kwa sauti ndogo, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933, utaona kwamba rafiki wa kwanza alisema kweli tupu: kwake besi haikuwapo.

Rafiki wa pili naye alisema kweli. Nafasi ndogo iliyofungwa ya gari huzipa nguvu sauti za chini, na hapo kasoro nyingine ikajitokeza ambayo simu iliificha. Kiki aliyoitumia ilikuwa sampuli yenye tabia ya kiki ya Roland TR-909, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1983, ila mkia wake ulikuwa umerefushwa. Kwa kasi ya mapigo 124, pigo moja huchukua takribani sekunde 0.48, mkia wa kiki ile ulidumu zaidi ya sekunde 0.4, ukiwa karibu na hezi 50, huku besi ikilia kwenye hezi 55. Sauti mbili za chini zilizokaribiana hivyo zikilia kwa pamoja, mawimbi yake hukutana na kupishana mara kama tano kwa sekunde, na msikilizaji husikia mtetemo wa tope usioeleweka ni wa ngoma au wa besi. Hiyo ndiyo ile "kuvuma mpaka inaudhi". Mashine ya TR-909 yenyewe ina kitufe cha kuamua kiki ichukue muda gani kufifia, na kitufe hicho hakikuwekwa kama pambo: urefu wa kiki ni uamuzi wa utunzi, maana ndio unaoipa besi nafasi ya kupumua au kuinyima.

Kwa hiyo watu wawili waliopingana walikuwa wameonyesha ugonjwa mmoja wenye pande mbili, na dawa haikuwa kupandisha wala kushusha sauti ya besi. Tulifupisha kiki hadi karibu sekunde 0.18, tukaipa besi mkwaruzo mdogo ili izae sauti za juu, na tukaiweka besi ijishushe sauti kidogo kila kiki inapopiga. Kazi hiyo haikuchukua saa moja. Desibeli 4 juu na 3 chini zilikuwa zimemla siku sita.

Kuna kanuni ya kazi iliyomo humo ambayo nimeitumia miaka mingi na bado haijaniangusha: msikilizaji huaminika sana anaposema wapi panamsumbua, na huaminika kidogo sana anaposema parekebishwe vipi. Aliyesema "ongeza besi" hakuwa na kifaa cha kujua kwamba tatizo ni sauti za juu zisizokuwapo. Alijua tu kwamba kuna pengo. Kazi ya kutafsiri pengo kuwa tiba ni ya mtunzi, na haiwezi kukabidhiwa mtu mwingine kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Orodha ya mtayarishaji mzoefu inahitaji kutendewa haki, kwa sababu ilikuwa zawadi ya mtu aliyetoa muda wake. Nilipoipitia nilikuta mambo manne ya kweli kabisa, mojawapo likiwa mrundikano wa sauti kati ya hezi 200 na 400, ambako kinanda na ile sauti ya mtu vilikuwa vinagombania nafasi. Mambo sita yalikuwa sahihi lakini ya hatua nyingine: yalihusu kupanga upana na kumalizia miksi, yaani uwiano wa sauti zote, ya wimbo ambao bado haukuwa na mwisho, na kufanya hivyo ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao mlango wake haujaamuliwa utakaa wapi. Manne yaliyobaki yalikuwa ladha yake, ya mtu anayependa muziki mzito unaokimbia, na yangefuatwa yote yangeuzaa wimbo wake yeye. Hakufanya hila yoyote. Aliulizwa "mnaonaje", naye akajibu anavyoona. Swali lisilo na mipaka hukaribisha jibu lisilo na mipaka, na kadiri mjibuji anavyojua mengi ndivyo jibu linavyozidi kumzamisha anayeanza.

Ama jibu la ndugu, lile la "safi sana", halikuwa na habari yoyote ndani yake, lakini lilimpa moyo, na moyo nao unahitajika. Sina la kuongeza hapo.

Jibu lenye thamani kubwa kuliko yote lilikuwa la mtu wa tano, yule aliyedhaniwa hakujibu. Alisema alipofika kama dakika moja akapata jambo la kufanya. Sasa turudi kwenye hesabu: vipimo 32 kwa kasi ya mapigo 124 ni dakika 1 na sekunde 2. Hapo ndipo vyombo vyote vilikuwa vimeshaingia, na lupu ya vipimo vinane ilianza mzunguko wake wa tano bila ahadi ya jambo jipya isipokuwa melodi, ambayo nayo iliingia kimyakimya, bila chochote kuitangaza. Mtu huyo hakujua lolote kuhusu vipimo wala mpangilio. Mwili wake tu ulijua kwamba wimbo umemaliza kusema. Kama kijana wetu angelisikia hilo mapema, asingegusa besi kabla ya mpangilio, na pengine wiki mbili zile zingeokolewa.

Hapa nafikia jambo ambalo nalisisitiza kuliko mengine yote. Mtu husikia wimbo kwa mara ya kwanza mara moja tu. Akishausikia, anajua melodi inaingia wapi, anasamehe sehemu inayochosha kwa kuwa anajua inakwenda wapi, na akisikia toleo la pili analinganisha na la kwanza badala ya kuusikiliza wimbo. Usikivu huo wa mara ya kwanza ni mtaji, nao haurudishwi ukishatumika. Kijana wetu aliutumia mtaji wa watu watano kwa siku moja, juu ya rasimu ambayo yeye mwenyewe alijua haina mwisho. Nilimwomba aandike, bila kumuuliza mtu, mambo yote ambayo tayari alijua yanapungua katika toleo la kwanza. Aliandika manane kwa dakika kumi, na kati ya hayo matano yalikuwamo katika maoni aliyoyapokea. Yaani aliwatumia wasikilizaji wake kumwambia alichokuwa anakijua.

Kwa hiyo tuliliacha toleo la saba tukalirudia la kwanza, tukiwa na kiki fupi na besi iliyorekebishwa, na nilimtaka amalize mpangilio kwa haraka na bila umaridadi: mwanzo, kupanda, mahali pa kushusha pumzi, kurudi kwa nguvu, na mwisho. Alipinga kwamba atamwonyesha mtu kitu kibovu. Nilimweleza kuna ubovu wa aina mbili. Wimbo wenye mwili mzima na sauti zisizosafishwa unaweza kutolewa maoni, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuupita kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Wimbo wenye sauti safi na mwili wa nusu humlazimisha msikilizaji kukisia, na makisio yake ndiyo yatakayorudi yakiwa yamevaa nguo ya ushauri. Kabla ya kutuma hakuweka tena limita kwenye njia kuu, akaacha kilele cha sauti karibu na desibeli −6, ili asishawishike tena kutafuta sifa kwa kelele.

Safari hii alichagua watu watatu ambao hawakuwahi kuusikia wimbo, na hakuwatumia siku moja. Alimwandikia mmoja, akasubiri, akafanya kazi, kisha akamwandikia wa pili. Ujumbe wake kwa wa kwanza, mtu aliyemzidi umri, ulisomeka hivi:

"Kaka, naomba dakika tano zako. Wimbo huu umekamilika kimpangilio, ila sauti bado sijazisafisha, kwa hiyo usihangaike na miksi. Tafadhali usikilize mara moja bila kusimamisha, kwa hedifoni kama unazo, kisha uniandikie dakika na sekunde ambapo ulitamani kuruka mbele au mawazo yako yalihama. Kama hapakutokea, niambie hivyo."

Ujumbe huo unaeleza hali ya kazi, unasema nini kisijadiliwe, unaomba jambo ambalo hata asiye na elimu ya muziki analiweza, na unamruhusu mtu kujibu kwamba hakuna tatizo. Yule kaka alijibu kwamba mawazo yake yalihama kwenye sekunde ya 58. Wa pili, baada ya marekebisho madogo ya mwanzo, alitaja dakika 1 na sekunde 4. Wa tatu alifika hadi dakika 1 na sekunde 33, ambayo ndiyo hesabu ya vipimo 48, mahali melodi ilipokoma bila kitu cha kuipokea. Majibu matatu mafupi, yasiyo na ushauri hata mmoja, yalimwambia mtunzi mambo mawili yaliyo wazi: melodi ichelewe kidogo na itanguliwe na ukimya, na baada ya kipimo cha 48 wimbo unahitaji kwenda mahali.

Alikata ngoma zote kwa vipimo viwili kabla ya melodi, akaacha kinanda peke yake na mwangwi wake. Baada ya kipimo cha 48 akaipeleka melodi kwenye besi, noti zilezile sita zikishuka chini, na juu yake akaachia hai-hati zifunguke polepole kwa kichujio. Wazo hilo lilikuwa lake, mimi nisingelipata. Nilikaa naye alipomchezea mtu wa nne, na nilimwomba asiutazame uso wa msikilizaji bali mguu wake, kwa maana uso hufanya adabu. Mguu uliokuwa ukifuata pigo tangu mwanzo ulisimama kwenye ukimya wa vipimo viwili, kisha ukarudi melodi ilipoingia. Alininong'oneza kwamba hilo linamtosha kuliko maneno.

Lilibaki suala la sauti iliyokatwakatwa, ambayo mtayarishaji mzoefu alitaka iondolewe. Kati ya wasikilizaji wapya wanne, mmoja alisema haipendi, mmoja alisema ndiyo anayoikumbuka, wawili hawakuitaja. Hakuna aliyesema ilimfanya ahame kimawazo. Aliniuliza nami naonaje. Nilimwambia kwamba sehemu hii haina kasoro ya kutibu na uamuzi ni wake peke yake, kwa kuwa mambo ya namna hii ndiyo yanayoufanya wimbo uwe wa mtu fulani. Aliibakisha, akaipunguza kati ya hezi 200 na 400 ili isigombane tena na kinanda, akamwandikia yule mzoefu kumshukuru kwa mambo manne aliyoyafuata na kumweleza kwa heshima kwa nini hilo moja hakulifuata. Wimbo uliishia kuwa na vipimo 160, dakika 5 na sekunde 10, na sauti hiyo ndiyo inayosikika mwisho, baada ya kiki kunyamaza.